Mrija uliofia kwenye chupa ya chai

Ngoja nianze na pweza, maana bila pweza hii stori ya mbegu za ng'ombe zilizogandishwa haiendi popote.

Mama yangu anakaa Mikindani, huku Mtwara, ana friza la kulala liko barazani toka mi nasoma msingi, mfuniko haushiki vizuri kwa hiyo juu yake kuna tofali, na ndani humo kuna biashara mbili, upande mmoja samaki na pweza, upande wa pili barafu za ubuyu na ukwaju za watoto wa shule. Bibi enzi zake pweza alikuwa anampiga kwenye jiwe, tena anampiga haswa, mpaka mtaa wa pili wanajua leo kwa fulani kuna pweza. Mama hampigi. Anamuosha, anamtupa kwenye friza siku mbili, anamtoa, anamuacha aachie barafu taratibu kwenye beseni, alafu anaingia kwenye tui la nazi na akitoka hapo hata kibogoyo anamuweza. Siku moja nikamuuliza mbona hampigi kama bibi, akanijibu hata hajageuka, "Barafu inampiga yenyewe kwa ndani."

Nilicheka tu. Sikuwaza kama hayo maneno ndo yangekuja kunieleza kwa nini ng'ombe wangu amekataa kushika mimba.

Msimu wa korosho wa mwaka juzi ulinikalia vizuri, na badala ya kununua pikipiki kama shemeji zangu wote walivyonishauri nikanunua mtamba chotara, nikamjengea banda nyuma ya nyumba huku upande wa Naliendele, nikamuita Sikujua, maana kweli sikujua kama ng'ombe mmoja anakula kama ukoo mzima. Madume ya kienyeji huku yapo, hasa toka wafugaji walivyoanza kushuka na mifugo yao kusini, ila mi nilikuwa nataka ndama wa maziwa, kwa hiyo nikaambiwa uhimilishaji, yaani kumpandikizia ng'ombe mbegu bila dume kuja, ndo njia. Kwa asiyejua, dume liko mbali huko, kituo cha taifa kiko Usa River Arusha, mbegu zake zinakusanywa zinachanganywa na dawa zinajazwa kwenye vimirija vyembamba vya plastiki, kamrija kamoja robo mililita, ndani yake kuna mamilioni ya mbegu, zinagandishwa na kutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, hewa iliyopoozwa mpaka ikawa kimiminika, ambayo ni nyuzi 196 chini ya ziro. Mtaalamu anakuja na kamtungi kake kwenye bodaboda kama mtu aliyebeba gesi ya kupikia.

Basi akaja kijana mmoja, jina sina haja nalo. Ng'ombe wangu Sikujua alikuwa kwenye joto toka asubuhi, analia, ute unashuka, yeye kafika jioni, hapo muda alikuwa sawa kabisa na nampa haki yake. Akafungua mtungi, moshi mweupe ukamwagika mpaka chini, watoto wakapiga kelele kama wameona jini. Akatoa kile kikombe kirefu chenye mirija, akakiinua juu kabisa, akaanza kuchagua kwa rangi huku simu iko begani anaongea na mtu habari za nauli ya kwenda Masasi. Nadhani ilifika nusu dakika. Akapata wa kwake, mingine akairudisha. Akaomba maji ya moto, binti yangu akaleta chupa ya chai, akamimina kwenye kikombe akaongeza ya baridi kidogo, akachovya kidole, akasema "poa", akatumbukiza mrija.

Siku 21 baadaye Sikujua analia tena, yaani hajashika. Akaja tena, kikombe kile kile, kidole kile kile. Siku 21 nyingine, analia. Mara ya tatu hivyo hivyo, na kila mara hela natoa.

Mara ya nne nikamtafuta mtu mwingine, nikapewa namba ya mama mmoja mtu mzima, mtaani wanamuita Mama Dokta ingawa mwenyewe anasema yeye si dokta. Kafika, shikamoo, marahaba mwanangu, kabla hata hajamgusa ng'ombe akauliza, "Yule mwenzangu aliyeyushia kwenye nini?"

"Maji ya chupa ya chai mama, akachanganya na ya baridi."

"Akapima na nini?"

Nikamuonyesha kidole. Hakucheka.

Akatoa kwenye begi bakuli la plastiki na kipimajoto, akachanganya maji mpaka kikasoma 37. Akafungua mtungi, akavuta kikombe mpaka chini ya shingo tu, sio juu, akaingiza koleo ndefu akachomoa mrija mmoja fasta na kikombe kikazama tena, yaani ukipepesa macho hujaona. Mrija ndani ya maji. Akaangalia saa yake ya mkononi, hakuongea na mtu, sekunde 40. Akautoa, akaufuta kwa tishu mpaka ukakauka kabisa, akakata ncha kwa mkasi, akaupachika kwenye ule mtutu mrefu wa chuma wa kuingizia mbegu, akauingiza ndani ya blauzi akaubana kifuani chini ya kitenge, ndo akaanza kutembea kwenda kwa ng'ombe. Nikamuuliza mbona anauficha kama hela ya kikoba. Akasema, "Zimeshaamka hizo. Ukiziamsha hutakiwi kuzirudisha kwenye baridi, hata upepo wa jioni."

Na mi nikabaki na swali moja kubwa ambalo lilinikosesha usingizi: kitu kilichokaa nyuzi 196 chini ya ziro labda miaka, kikafika mzima kutoka Arusha mpaka huku, kinauliwaje na nusu dakika ya simu na kikombe cha maji?

Jibu lilikuwa kwenye friza la mama. Mnakumbuka barafu za ubuyu mlivyokuwa mnazila? Unatoboa kona unafyonza, kwanza unakuja utamu wote na rangi yote, kali mpaka inauma koo, alafu mwishoni mkononi umebaki na bonge jeupe halina ladha. Hiyo ndo siri yote. Maji yakiganda hayataki mtu. Barafu inajijenga kwa maji matupu, sukari chumvi rangi vyote inavisukuma pembeni, na vyote vinajazana kwenye kale kamaji kalikobaki bado hakajaganda. Watu wa mashamba ya chumvi Lindi na huku kwetu wanalijua hilo kwa njia ya jua, maji ya bahari yanapungua yanapungua na yanayobaki yanakuwa makali mpaka chumvi inatoka yenyewe. Baridi inafanya kazi ile ile ya jua, tofauti tu ni kwamba maji hayapandi juu, yanakwenda kuwa barafu.

Sasa weka seli hai hapo katikati. Barafu inaanza nje yake. Chumvi nje inapanda, seli inavutwa maji kwa ndani, inasinyaa kama samaki wa ng'onda, na ikikaa kwenye ule ukali muda mrefu utando wake unaharibika. Hicho ni kifo cha kwanza, kifo cha kugandisha polepole mno. Mtu mwenye haraka atasema basi tugandishe haraka, na hapo ndo anakutana na kifo cha pili, maana ukienda haraka maji hayapati muda wa kutoka ndani ya seli, yanaganda humo humo, na vipande vya barafu vinaichana seli kutoka ndani, kama barafu ilivyompiga pweza wa mama. Kwa pweza ni faida, tunataka alainike. Kwa kitu unachotaka kiamke na kuogelea ni msiba.

Mi toka shule nilikuwa naamini kwamba seli inapasuka kwa sababu maji yakiganda yanavimba, kama chupa ya soda uliyoisahau kwenye friza. Kuvimba kupo, kama asilimia 9, ila sio ndo mkosaji mkuu. James Lovelock, Mwingereza, mwaka 1953 alionyesha kwa chembe nyekundu za damu kwamba kinachozimaliza ni ule ukali wa chumvi. Alafu akaja Mmarekani Peter Mazur wa maabara ya Oak Ridge, yeye miaka ya 60 akakaa na hesabu za kasi gani maji yanatoka kwenye seli, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaziweka hizo njia mbili za kufa pamoja. Kila aina ya seli ina kasi yake katikati ya vile vifo viwili. Seli za uboho na nyingi za mwilini zinapenda kama nyuzi 1 kwa dakika, taratibu kama bibi anashuka ngazi. Chembe nyekundu za damu zenyewe maji yanapita kwenye utando kirahisi sana, zinaweza kwenda zaidi ya nyuzi 1,000 kwa dakika. Hakuna kanuni moja, na hilo peke yake lingetosha kumkatisha mtu tamaa.

Mazur huyo huyo ndo kaniondolea lile swali la usingizi. Kumbe 196 chini ya ziro sio mahali pa hatari. Kule maji ya kutembea hayapo, hakuna kinachosogea, hakuna kinachooza, muda umesimama. Kule Sydney, Australia, mbegu za kondoo dume zilizogandishwa mwaka 1968 zilikuja kutumika baada ya miaka 50, majike 56 wakahimilishwa na 34 wakashika, na kondoo wale wenyewe waliotoa walishakufa zamani. Hatari iko njiani, kati ya kama nyuzi 15 na 60 chini ya ziro, na seli inapita hapo mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kama vile wanafunzi wanavyotegewa na mbwa wa njiani, sio shuleni wala nyumbani.

Na huko kurudi ndo kijana wangu alipoua. Umeme ukikatika Mikindani, barafu za mama zinalegea kidogo, umeme ukirudi zinaganda tena, na watoto wanajua siku hiyo hiyo, wanarudisha, "Mama hizi zina vioo." Ukiangalia kweli ndani kuna vipande virefu vyenye ncha, wakati zile za mwanzo zilikuwa laini kama unga. Vipande vidogo vya barafu vikipata joto kidogo tu, bado havijayeyuka, vidogo vinakufa vikubwa vinakula maji ya vidogo, vinakua. Hilo linatokea ndani ya mrija ulioinuliwa juu ya shingo ya mtungi kwa nusu dakika, mrija mwembamba hivyo kwenye joto la Mtwara, alafu unarudishwa. Kwa macho bado umeganda, bado mweupe, una baridi ya kuunguza kidole. Ndani mambo yameshaisha. Ndo maana unatakiwa uyeyushe kwa nguvu, maji ya 37, upite ule ukanda kabla vipande havijapata nafasi ya kukua. Maji yake ya chai yalikuwa ngapi sijui na yeye hajui, yakiwa baridi mno anaua polepole, yakiwa moto mno anapika.

Nisimbebeshe yote lakini. Ng'ombe kutoshika kuna sababu mia, lishe, muda, hata mkono unavyoingia. Ila mirija ile mingine aliyoirudisha mtunguni huwa naifikiria, imeenda kwa ng'ombe wa nani.

Sasa pamoja na kasi zote hizo, bila dawa bado karibu seli zote zingekufa, na stori ya dawa ndo naipenda kuliko zote. London, mwaka 1949, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wanahangaika kugandisha mbegu za jogoo kwa kutumia sukari ya matunda, hazitoki hai. Wakaacha, chupa zikakaa kwenye chumba cha baridi miezi. Waliporudi kujaribu tena, chupa moja ikafanya maajabu, mbegu zimeganda kwa nyuzi 79 chini ya ziro na zimeamka zinaogelea. Wakajaribu kutengeneza mpya, haifanyi kitu. Ile ya maajabu ikabaki kidogo tu, wakapeleka ikapimwe. Sukari hamna kabisa. Lebo zilichanganyika, humo mlikuwa na ute wa yai na glisarini, mchanganyiko wa kubandikia vitu kwenye vioo vya hadubini.

Glisarini. Hii hii ya duka la dawa ambayo dada zetu wanapaka midomo na mama wanapaka watoto miguu ikikauka. Inaingia ndani ya seli, inashika maji, na maji yaliyoshikwa yanachelewa kuganda na hata yakiganda kamaji kanakobaki kanakuwa kengi zaidi, kwa hiyo ule ukali wa chumvi unapungua. Ni kama kuongeza viti kwenye daladala, abiria ni wale wale ila hawabanani. Miaka michache baadaye ndama wa kwanza kutokana na mbegu zilizogandishwa akazaliwa Uingereza, na mpaka leo karibu kila mrija una glisarini, na mara nyingi una kiini cha yai pia, mafuta ya kiini yanakinga utando wa mbegu wakati zinapoozwa. Yai na glisarini. Teknolojia yote hiyo na vitu vyake nusu viko jikoni.

Dawa nyingine maarufu ni ile wanaita DMSO, Lovelock tena na mwenzake mwaka 1959, hiyo ndo inatumika kwa seli za uboho za wagonjwa wa saratani ya damu, kwa kawaida kama asilimia 10, na mgonjwa akirudishiwa seli zake chumba kinanuka kitunguu saumu. Kitu cha kukumbuka ni kwamba hizi dawa zenyewe ni sumu kiasi zikikaa na seli kwenye joto. Kwa hiyo unaweka, unapooza, na ukiyeyusha hupotezi muda.

Dada yangu ni nesi, nilipomwambia haya akasema ndo maana damu ya kuongezea mgonjwa haiwekwi friza, inakaa friji nyuzi 2 mpaka 6 na baada ya siku 35 inatupwa, ila yale maji ya damu peke yake yanagandishwa vizuri tu, maana ndani yake hamna seli za kulinda. Damu ya aina adimu sana ndo wanaigandisha na glisarini, na wakiiyeyusha lazima waioshe glisarini yote itoke taratibu, ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya kawaida chembe zinavimba zinapasuka. Hapo ndo nikaelewa kwa nini Mama Dokta aliufuta ule mrija mpaka ukakauka. Tone moja la maji ya bakuli, basi.

Na kabla hatujajisifu sana, kuna chura wa misituni huko Marekani Kaskazini mpaka Alaska, baridi ikija anaganda kweli, moyo unasimama, karibu theluthi mbili ya maji ya mwili wake barafu, ukimgonga analia ko ko kama jiwe. Ini lake linamwaga sukari kwenye damu kwa fujo, sukari inaingia kwenye seli, barafu inabaki nje ya seli. Msimu ukibadilika anayeyuka anaondoka zake.

Mama Dokta akarudi siku mbili baadaye kuangalia, sikumuita. Nikamuomba nione ndani ya mtungi. Akakataa nisiweke uso, akasema pia usiufungie kwenye chumba kidogo wala gari vioo vimefungwa, lita moja ya hii ikigeuka hewa inakuwa kama lita 700 na inafukuza hewa ya kupumua, unalala usingizi wa jumla. Mfuniko wake wenyewe umekaa tu haujabanwa, ungebanwa ungelipuka. Akanipa kijiti cha mbao, nikakizamisha mpaka chini, nikahesabu kidogo, nikakitoa nikakipunga hewani. Kikafuka. Alafu taratibu ukatokea ukungu mweupe wa barafu kutoka ncha mpaka kama vidole saba, hapo ndo naitrojeni ilipoishia.

"Saba," nikasema.

"Saba ni wiki hii na kidogo. Vikifika vitatu naanza kupiga simu," akasema, "na ya kwetu inatoka mbali." Naitrojeni inapungua kila siku hata usipofungua, na barabara ya huku mnaijua wakati wa mvua.

Siku ya 21 niliamka saa kumi usiku nikaenda bandani na tochi. Sikujua amelala, anacheua, ananitazama kama nimekosea nyumba. Ya 22 kimya. Asubuhi yake mama akanipigia kutoka Mikindani, umeme hamna toka jana, barafu zote maji, pweza wa watu ananuka, akauliza yule mama wa ng'ombe hawezi kumuuzia kidogo ile gesi yake ya moshi aitie kwenye friza.